Mcheza Kwao Hutunzwa na Nani?

Ndugu msomaji, liko neno moja ambalo wazazi wengi wa mijini huogopa kulisikia kutoka kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne. Anakuja jioni, anakaa ukumbini, anakohoa kidogo, kisha anasema: “Baba, mimi nataka kwenda kusomea ngoma.”

Majibu yake tunayajua. “Nimekulipia ada miaka yote hii uje ukate kiuno mbele za watu?” Na kama aliyesema ni binti, swali huwa kali zaidi: “Utaolewa na nani?” Mama hunyamaza, shangazi huitwa, na kabla ya wiki kwisha mtaa mzima umekwisha kuambiwa kwamba mtoto wa fulani ameingia uhuni.

Juma hili ningependa tuliangalie neno hilo, uhuni, na tujiulize lilianza lini kutajwa pamoja na ngoma. Maana hofu ya mzazi haikuota kama uyoga. Ina historia yake, na sehemu ya historia hiyo inampa mzazi haki ya kuogopa. Sehemu nyingine haimpi.

Tukirudi nyuma, katika makabila mengi ya nchi hii mzazi hakuwa na nafasi ya kuchagua iwapo mwanawe acheze au asicheze. Kucheza kulikuwa ndani ya malezi yenyewe. Kijana wa Kimakonde, wa Kiyao au wa Kimakua alipelekwa jandoni. Msichana alikabidhiwa kwa somo na kungwi, na mengi aliyopaswa kuyajua kuhusu mwili wake, nyumba yake na wakwe zake aliyapata kwa nyimbo na kwa mchezo. Usukumani, bugobogobo ilichezwa shambani, jembe mkononi, ili watu walime kwa mwendo mmoja. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu walikutana uwanjani kushindana kwa ngoma na kwa dawa, na watoto wakiwa pembeni wakitazama na kuiga. Ugogoni ni akina mama waliobana ngoma za muheme kati ya mapaja na kuzipiga, na binti alijifunza kwa kukaa karibu na mama yake.

Katika utaratibu huo yako mambo mawili ambayo sisi wa leo tumeyasahau. La kwanza, mwalimu alikuwa mtu anayejulikana. Mzazi hakumwachia mtoto wake mpita njia; alimkabidhi kwa kungwi mwenye jina, ambaye akimharibu mtoto angeulizwa na ukoo mzima. La pili, ngoma ilikuwa na rika lake na saa zake. Wakubwa walikuwa na ngoma zao na watoto walikuwa na zao. Siku hizi tunaposema ngoma ya kitoto haikeshi huwa tunadharau jambo lisilodumu. Lakini ukiisikiliza vizuri methali hiyo, utaona inataja pia kanuni ya malezi: mtoto acheze, kisha akalale.

Ndipo walipokuja wageni. Wamisionari wengi waliiona ngoma kuwa ni upagani, na mkristo mpya akatakiwa kuiacha pamoja na matambiko. Shuleni mtoto alifundishwa kwaya na gwaride. Mijini, serikali ya kikoloni ilitaka kibali kabla ngoma haijapigwa, kana kwamba ni fujo inayosubiri kutokea. Hata baadhi ya masheikh wa pwani hawakuzipenda ngoma za wanawake.

Lakini wazazi hawakukubali yote kirahisi. Mfano ulio wazi ni wa Masasi. Wakristo wa huko, waliokuwa chini ya misheni ya Kianglikana ya UMCA, hawakutaka watoto wao wakose jando, kwa sababu kijana asiyepita jandoni alihesabiwa kuwa mtoto hata akiwa na ndevu. Kuanzia mwaka 1913 padri Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 alikuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi, alishirikiana na wakristo wenyeji kuanzisha jando la Kikristo, lenye sala mahali pa matambiko. Tukubaliane au tusikubaliane na njia yake, ukweli unabaki kwamba wazazi hao hawakusema “acha” na hawakusema “nenda tu”. Walikaa wakazungumza na mwalimu juu ya kitakachofundishwa.

Mahali pengi mazungumzo ya namna hiyo hayakufanyika. Matokeo yake, kizazi kilichosoma kilijifunza kwamba mtu aliyestaarabika hachezi ngoma, labda acheze dansi. Baadhi ya maneno tunayowaambia watoto wetu leo tuliyarithi hapo.

Hebu sasa tuangalie watu waliozaliwa katika hali hiyo na wakaishinda. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo miaka ya 1880, katika familia ya kimaskini yenye asili ya utumwa. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza kuviuza. Alipohamia mjini mwaka 1911 alikuwa na sauti, basi. Aliyemtengeneza ni mwalimu: Muhsin Ali, mpiga muziki aliyemfundisha kuimba kwa Kiarabu na kufuata ala. Mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli hadi Bombay, wakarekodi sahani za santuri zilizosikika pwani yote ya Afrika Mashariki. Alipofariki mwaka 1950, Shaaban Robert aliona maisha yake yanastahili kuandikiwa kitabu, na akakiandika.

Nyuma yake alikuja Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude. Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba alipokuwa msichana mdogo alitaka kuozwa kwa nguvu, akakimbilia bara. Aliimba, akapiga ngoma za unyago, akawafunda mabinti wengi wa Unguja, na mwaka 2005 akatunukiwa tuzo ya kimataifa ya WOMEX. Alifariki Aprili 2013. Wakubwa waliotaka kumwoza bila shaka walidhani wanamwokoa.

Na yule anayesema wanawake wa ngoma ni wahuni, amkumbuke Bibi Titi Mohamed. Kabla ya siasa alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, hapa Dar es Salaam. Mwaka 1955 alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU, alipita kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, maana huko ndiko wanawake wa mji huu walikokuwa wamejipanga, wana viongozi, wana michango, na wanajua kuitana. Maelfu wakachukua kadi. Uhuru tunaousherehekea kila Desemba umepita katika viwanja vya ngoma.

Mwalimu Nyerere alilijua hilo. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, alilieleza Bunge kwamba anaanzisha Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wasomi wetu walikuwa hodari wa rumba na waltz, na wengi wao hawajapata hata kulisikia jina la gombe sugu. Baada ya hapo kikaundwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma, na vijana wakaanza kuajiriwa na serikali kwa kazi ya kucheza.

Kisha likaja jambo la ajabu zaidi. Mwaka 1965 vijana ishirini wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza sarakasi. Mfikirie, ndugu msomaji, mzazi wa siku hizo. Simu hakuna. Barua inakwenda kwa majuma. Nchi yenyewe huijui ila kwa jina, na mwanao anakwenda huko kufundishwa kupinda mgongo na kusimama juu ya mabega ya mwenzake. Walirudi mwaka 1969, na ndio walioanzisha Kikundi cha Taifa cha Sarakasi. Sarakasi nyingi unazoziona leo katika sherehe na hotelini zina mizizi katika safari ile. Wazazi wao waliweza kuvumilia kwa sababu moja kubwa: aliyemchukua mtoto alikuwa na jina na anwani. Ilikuwa serikali.

Vikundi vya taifa vilipovunjwa, mahali pake pakachukuliwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981. Hapo mwanafunzi hakuwa na ruhusa ya kusema mimi najua kucheza tu. Alisoma ngoma, muziki, maigizo, sarakasi na sanaa za ufundi, kisha ndipo akachagua la kuzama nalo. Miongoni mwa walimu alikuwepo Hukwe Zawose, Mgogo aliyeletwa Dar es Salaam katika zama za Mwalimu kwa sababu ya ilimba na zeze lake. Alifariki Desemba 2003, lakini nyumbani kwake Bagamoyo muziki haukufariki naye: mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa santuri yao wakijiita The Zawose Queens. Jumba la maonyesho la chuo liliungua mwaka 2002, likajengwa upya. Na tangu mwaka 2007 chuo kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa.

Sasa tuje kwenye hofu iliyo ya haki. Katika miaka ya 1980 maisha yalikuwa magumu, serikali haikuwa tena na fedha za kulea wasanii, na vikundi vikaingia sokoni. Muungano, DDC Kibisa na vinginevyo vilijaza kumbi na mabaa ya Dar es Salaam kwa ngoma, sarakasi, vichekesho, maigizo na taarab kwa tiketi moja. Vilitupa burudani ambayo wengi wetu hatujaisahau. Lakini kazi ilianza jioni na kwisha usiku mwingi, mahali ambapo pombe inauzwa, na mteja aliyelewa hujiona amenunua na mchezaji. Malipo yalitegemea watu walioingia mlangoni. Mzazi aliyekataa binti yake asirudi nyumbani saa nane za usiku peke yake hakuwa mshamba. Alikuwa mzazi.

Siku hizi ukumbi umehamia kwenye simu. Mtoto wa miaka kumi anacheza uani, anapigwa picha, na kufika asubuhi ametazamwa na watu ambao mzazi hatawajua kamwe. Anatokea mtu anayejiita meneja. Hana ofisi, ana namba ya simu. Anaahidi video, safari na gari.

Basi mzazi afanye nini? Mimi naona jibu limo katika historia tuliyoipitia. Mwulize mwalimu jina lake na mahali alipojifunza yeye mwenyewe. Nenda ukatazame mazoezi bila kuaga, ukae dakika thelathini. Mwalimu mwema hatakufukuza. Angalia sakafu wanayorukia watoto, kwa sababu goti lililovunjika kwenye saruji halirudi kuwa goti. Angalia wasichana wanabadilishia nguo wapi. Uliza mtoto analala wapi kikundi kinaposafiri, na nani aliye mkubwa wa safari.

Na sheria ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kwa Tanzania Bara, haimruhusu mtoto aliye chini ya miaka 14 kuajiriwa, na inakataza mtoto kufanyishwa kazi za usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kumbe wahenga na Bunge wamekutana: ngoma ya mtoto isikeshe. Aidha, aliye chini ya miaka 18 hana uwezo wa kufunga mkataba. Karatasi yoyote itakayoletwa lazima ipite mikononi mwako, na kabla ya kutia sahihi mtafute anayejua Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, maana jasho la mchezaji lina haki zake humo.

Jambo jingine ni shule. Wako wazazi wanaofurahia fedha za kwanza, wakamtoa mtoto darasani. Huyo amemla mbegu. Mwili wa mchezaji una miaka yake michache. Baada ya hapo hubaki kichwa, na kichwa kilichosoma kinaweza kufundisha, kutunga, kuongoza kikundi na kuandika mkataba wake chenyewe. Ndiyo maana Bagamoyo walitaka mwanafunzi ajue mengi kabla ya kuchagua moja, na ndiyo maana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960.

Mwisho, kuna jambo ambalo halihitaji sheria. Mtoto anapocheza siku ya wazazi shuleni, au tamasha linapofanyika Bagamoyo, viti vya mbele hujaa wageni waalikwa na watalii. Wazazi wa wachezaji hawapo. Wako wanaosema hawana nafasi, na wako wanaoona haya. Tunasema mcheza kwao hutunzwa, na zamani aliyeingia uwanjani kumbandika mtoto noti au kumfunga leso kiunoni alikuwa mama yake, shangazi yake, mjomba wake. Mtoto aliyetunzwa na hao hababaishwi na noti ya mlevi, kwa sababu ameshajua thamani yake kabla ya kutoka nyumbani.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, jioni ile kijana atakapokohoa ukumbini na kulitoa neno lake, usikimbilie kumwita shangazi. Mwulize kwanza: ngoma gani, kwa mwalimu gani, na onyesho ni lini. Kisha siku hiyo uende.