Mtoto Alipomshitaki Baba

Mwaka 1971 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ndoa. Sheria hiyo iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15, na kama hajatimiza 18, ridhaa ilitakiwa itoke kwa baba. Mama aliulizwa pale tu baba alipokuwa ameshafariki. Mwaka huohuo ikatoka riwaya ya Rosa Mistika, kazi ya kijana wa miaka 27 kutoka Namagondo, Ukerewe, aliyeitwa Euphrase Kezilahabi. Sheria ilimpa baba neno la mwisho juu ya binti yake. Riwaya ikamtaka baba huyo aeleze amelitumiaje.

Vifungu hivyo vya sheria vilikaa miaka 45 kabla Mahakama Kuu haijavitangaza kuwa kinyume cha Katiba, mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2019. Riwaya haikupewa hata nafasi ya kupumua. Ilipigwa marufuku shuleni kwa kuwa ilizungumza waziwazi mambo ya mapenzi, mimba na utoaji mimba. Baadaye sana ilirudi darasani kama kitabu cha kufundishia, na wanafunzi wakaanza kuijibia mitihani. Marufuku ile ilikuwa kosa, tena kosa lililowaumiza hasa wale iliodai kuwalinda. Wasichana wa bweni ndio waliokihitaji kitabu kile kuliko msomaji mwingine yeyote.

Ili kuona Kezilahabi alivunja nini, turudi nyuma kidogo. Katika fasihi yetu ya zamani mzazi ndiye msemaji. Mwana Kupona wa Pate, mjane wa Bwana Mataka, yule mtawala wa Siu aliyempinga Sultani Sayyid Said, alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimuusia binti yake Mwana Hashima dini, adabu na namna ya kuishi na mume. Utendi ule una mapenzi makubwa ya mama, na hakuna anayeusoma kwa makini akabaki na shaka kuhusu hilo. Lakini Mwana Hashima mwenyewe hana ubeti hata mmoja. Anausiwa, basi. Karibu karne nzima baadaye Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, bado aliwapa watu majina yanayotangaza tabia zao: Adili upande mmoja, Hasidi na Mwivu upande wa pili. Ugomvi wa familia ulikuwa wa ndugu kwa ndugu. Baba hakuguswa.

Zakaria, baba yake Rosa katika riwaya ya Kezilahabi, ameguswa. Ni mlevi, pesa ya nyumba inaishia kwenye pombe, na mkewe Regina ndiye anayebeba mzigo wa watoto, wengi wao wasichana. Siku moja anaiona barua ambayo kijana Charles amemwandikia Rosa. Hamuulizi binti chochote cha maana. Anampiga kipigo cha kutisha. Kezilahabi haipiti tu ile barua, anarudi kuvuna matokeo yake katika riwaya nzima. Kwa sababu ya kipigo kile Rosa anakua akiwaogopa wavulana kiasi cha kushindwa hata kuzungumza nao. Anapofika sekondari, mbali na jicho la baba, hana silaha yoyote: hajui kukataa, hajui kukubali, hajui mwanamume mwema ni yupi na mlaghai ni yupi. Yanayofuata, hadi chuo cha ualimu na hadi siku anapojiua, yana mizizi katika fimbo ile. Hapo ndipo ulipo ujasiri wa kitabu. Kijiji kilikuwa tayari kumlaumu Rosa, na mwandishi akaelekeza kidole kwa mzazi aliyedhani kwamba kumtisha mtoto ni kumlea.

Kwa nini wakati ule? Nadhani shule za bweni zina sehemu kubwa. Baada ya Uhuru watoto wengi zaidi waliondoka nyumbani kwa miezi mingi, wakasoma pamoja na wa makabila na dini nyingine, wakarudi likizo wakiwatazama wazazi wao kwa macho mapya. Kezilahabi alikuwa mmoja wao: alipita seminari, akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miaka mitatu baada ya Rosa Mistika, katika Kichwamaji, alimleta Kazimoto, msomi anayerudi kijijini na kukuta kwamba yeye na wazazi wake hawana tena lugha moja ya kuzungumzia maisha.

Zanzibar nayo ilikuwa na Zakaria wake, ila huyu hakunuka pombe, alinukia udi. Katika Utengano (1980), Said Ahmed Mohamed anamchora Maksuudi, mtu mwenye heshima mbele za watu, mgombea anayetafuta kura, ambaye nyumbani kwake mke na binti hawaruhusiwi kutoka wala kuonekana. Mkewe Tamima anashikwa na uchungu wa kuzaa. Mtumishi Biti Kocho anathubutu kumwita mkunga kinyume cha amri ya bwana mwenye nyumba. Maksuudi anarudi, anakuta amri yake imevunjwa, anampiga Tamima na kumpa talaka palepale, mtoto mchanga akiwa ndani. Binti yao Maimuna anatoroka, naye hajui hata njia za mji aliozaliwa. Na Maksuudi huyo mlinzi wa heshima anakutanishwa na mwanawe Mussa nyumbani kwa Kazija, mwanamke mmoja waliyekuwa wakimwendea wote wawili bila kujuana. Sijui tukio jingine katika riwaya zetu linalomvua baba nguo kwa ukatili wa haki kama hilo. Vijana wa Kenya walilisoma kwa miaka kadhaa, kwa sababu Utengano ilikuwa kitabu teule cha sekondari.

Kufikia Siku Njema ya Ken Walibora (1996), mashtaka yamegeuka kuwa msako. Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimbaji wa Tanga, anavuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Anataka kujua yeye ni nani, na kwake swali hilo halina jibu bila mzee huyo.

Assumpta Matei, katika Chozi la Heri (2014), haamini hivyo. Umu na wadogo zake wanabaki peke yao baada ya mama kuondoka na baba kufariki, kisha wanatenganishwa. Anayekuja kuwa baba yake Umu ni Mwangeka, ambaye mke na mtoto wake waliuawa katika ghasia za baada ya uchaguzi. Yeye na mkewe wa pili, Apondi, wanamchukua msichana huyo awe wao, bila damu kuwaunganisha, na hakuna ukurasa unaomtaka Umu aombe radhi kwa hilo.