Mkono na mashine: mambo ya kujua kabla ya kuingia kibarua cha barabara

Barabara inapojengwa kupita kijijini, vijana wengi hupata kibarua kabla ya kupata mafunzo. Leo unapiga koleo, kesho unaambiwa ushike mashine ya zege. Ndugu msikilizaji, soma haya kwanza, au msomee aliye kazini.

Mkono huumia wapi?

Mashine ya zege: vidole hunaswa kwenye meno yanayozungusha pipa au kwenye mkanda wa injini. Zile za kuwasha kwa hendeli hurudisha nyuma kwa nguvu na kuvunja kifundo cha mkono. Shika hendeli kidole gumba kikiwa upande mmoja na vingine, usikizungushe kuifumbata.

Krasha la kokoto: mkanda unaobeba mawe huvuta mkono kwenye rola kabla hujapiga kelele.

Greda na katapila: usichungulie tundu la pini kwa kidole wakati wa kufunga kijiko. Chuma kikisogea kidogo tu, kidole kimekwenda.

Hatari kubwa ni wakati wa kusafisha

Mtu huwa makini mashine inapofanya kazi. Hujisahau anapokwangua zege lililoganda, anaponasua jiwe au kupaka grisi. Fuata mpangilio huu: zima, chomoa ufunguo au waya wa umeme, subiri isimame kabisa, ndipo mkono uingie. Ukizima injini, pipa huendelea kuzunguka kidogo. Kama mashine haina ufunguo, mwenzako asimame kwenye swichi ili mtu asiwashe.

Kumbuka pia kwamba glavu ni nzuri kwa kubeba nondo, mawe na saruji, lakini karibu na kitu kinachozunguka hunaswa na kuvuta mkono wote. Vivyo hivyo pete, bangili na mikono mirefu ya shati.

Ajali ikitokea

1. Zima mashine. Usivute mkono ulionaswa wakati bado inazunguka.
2. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, inua mkono juu ya usawa wa moyo, na vua pete kabla vidole havijavimba.
3. Usipake majivu, mafuta ya taa, kahawa wala udongo.
4. Kidole kikikatika, kisuuze kwa maji safi, kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki usiovuja, kisha weka mfuko huo kwenye maji yenye barafu. Kidole kisiguse barafu yenyewe. Nenda nacho hospitali haraka, kwani wakati mwingine huweza kuunganishwa.
5. Ukiungua kwa lami ya moto, mwagia maji ya baridi kwa muda mrefu. Usiibandue lami.
6. Uliza kuhusu chanjo ya pepopunda, hata kama jeraha ni dogo.

Haki yako

Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) hugharamia matibabu na fidia. Anayechangia ni mwajiri. Wewe hukatwi hata senti. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda, malipo ni asilimia 70 ya mshahara, hadi miezi 24. Ulemavu wa kudumu nao una fidia yake.

Mwambie msimamizi siku ileile, mbele ya shahidi. Andika tarehe, saa na mashine iliyokuumiza, na tunza karatasi zote za hospitali. Usikubali kumaliza jambo kwa nauli na pole. Mwajiri akikaa kimya, nenda ofisi ya WCF au ofisi ya kazi ya mkoa mapema, kwani madai hayapaswi kuvuka miezi 12 tangu ajali.

Barabara itakwisha na kampuni itahama. Utakaorudi nao shambani ni mkono huohuo.