Kaole Kwanza, Bagamoyo Baadaye

Watu wengi wa Kinondoni na Temeke wakienda Bagamoyo kwa siku moja huanzia pale gari lilipowashusha, wakaishia ufukweni. Hurudi na picha nyingi, lakini hawajui kipi kilitangulia kipi. Ziara ya mji mkongwe hupangwa kwa kufuata miaka.

Panda gari Makumbusho asubuhi. Wa Mbagala aondoke alfajiri kuiwahi foleni. Ukifika Bagamoyo usiingie mjini. Chukua bajaji urudi kusini, kilomita 5 hivi, hadi Kaole. Pale pana magofu ya misikiti miwili, mmoja ukikadiriwa kuwa wa karne ya 13, pamoja na makaburi ya nguzo. Hiyo ndiyo bandari iliyotangulia. Mrima huu, yaani ukanda huu wa pwani, ulikuwa wa madiwani wa Kishomvi, na masimulizi ya Wazaramo yanasema kiongozi wao Pazi Kilama aliwasaidia Washomvi kuwapiga Wakamba, akawa analipwa ada iitwayo kanda la pwani. Kwa hiyo Mzaramo wa Temeke asijione mgeni.

Sasa ingia mjini. Ngome Kongwe ilijengwa 1860 kuwa nyumba ya Abdallah Suleiman Marhabi, enzi ambazo misafara ya Ujiji na Tabora iliishia hapa. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitua pembe za ndovu. Watumwa wakapakiwa majahazini kwenda Unguja. Mwaka 1868 mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni, wakawapa makazi watumwa waliokombolewa. Februari 1874 maiti ya Livingstone ilifikishwa misheni hapo, ikiwa imebebwa na watumishi wake, kina Chuma na Susi, kutoka nchi ambayo leo ni Zambia.

Mwaka 1888 Wajerumani walipandisha bendera yao, na pwani ikawaka vita. Abushiri bin Salim aliongoza vita hivyo hadi aliponyongwa Pangani, Desemba 1889. Mwaka 1891 makao makuu ya koloni yakahama Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, penye bandari ya kina. Reli ya kati nayo ikaanza kujengwa kutoka huko 1905.

Malizia Boma, jengo la utawala wa Wajerumani lililokamilika 1897, wakati serikali ilikuwa imeshahama. Ukilitazama baada ya hayo yote utajua kwa nini leo watu hutoka Dar kwenda kutalii Bagamoyo, badala ya kutoka Bagamoyo kwenda kutalii Dar.