Eastgate: jengo la Harare lililopozwa kwa hesabu

Tangu lifunguliwe mwaka 1996 katikati ya jiji la Harare, Zimbabwe, jengo la Eastgate limesifiwa kama nyumba iliyobuniwa kwa kuiga mchwa. Simulizi hiyo ni tamu, ila inaacha nje watu waliokaa na kalamu na kompyuta kupiga hesabu za joto.

Msanifu wake, Mick Pearce, alizaliwa Harare mwaka 1938 na kusomea usanifu majengo London. Mwenye mradi, kampuni ya Old Mutual, alitaka maduka na ofisi zisizotegemea mitambo mikubwa ya viyoyozi, ambayo ingeagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni, yenyewe na vipuri vyake.

Pearce akavutiwa na kichuguu. Kutokana na tafiti za Mswisi Martin Lüscher za miaka ya 1950 na 1960, iliaminika kwamba mchwa wanaolima uyoga hupoza makazi yao kwa mzunguko wa hewa: hewa iliyopata joto kwa wadudu na uyoga hupanda, hupoa kwenye kuta zenye vitundu, kisha hushuka tena.

Wazo lilikuwepo, lakini kulifanya jengo la ghorofa tisa ikawa kazi ya wahandisi wa kampuni ya Arup. Hao walikuwa na nyenzo ambayo watangulizi wao hawakuwa nayo: programu za kompyuta. Zamani mhandisi alichagua siku ya joto kali kuliko zote, akakadiria mtambo wa kuimudu, akamaliza. Vikwazo vya mafuta vya mwaka 1973, vilivyopandisha bei ya pipa karibu mara nne, viliufanya umeme wa majengo kuwa jambo la kuhesabiwa kwa makini. Katika miaka hiyo ya 1970, maabara ya Lawrence Berkeley nchini Marekani ilitengeneza programu ya DOE-2, na Chuo Kikuu cha Strathclyde huko Uskoti kikatengeneza ESP. Programu za aina hii hulifuatilia jengo katika saa zote 8,760 za mwaka: jua limepiga ukuta upi, zege limefyonza joto kiasi gani, watu na taa vimeongeza kiasi gani.

Baada ya majaribio kwenye kompyuta, Pearce alipewa masharti na Arup. Jua lisipige kuta za nje moja kwa moja. Upande wa kaskazini, ambako jua hukaa sehemu kubwa ya mwaka kwa miji ya kusini mwa ikweta, madirisha yasizidi asilimia 25 ya ukuta. Tena yasifunguke, hewa ipite kwenye njia zake.

Kazi kubwa hufanyika usiku. Harare iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na jua likizama baridi huingia upesi. Feni huvuta hewa kutoka uwanja wenye paa la vioo ulio kati ya majengo mawili pacha yanayounda Eastgate, na kuipitisha chini ya sakafu, kwenye vipande vya zege vyenye meno vinavyoifanya iguse eneo kubwa zaidi. Hewa hubadilishwa mara 10 kwa saa hadi zege lipoe. Asubuhi kasi hupunguzwa hadi mara 2. Hewa iliyopozwa na zege hutokea kwenye matundu yaliyo chini ya madirisha, hupata joto la watu na mashine, hupanda darini na kutoka kupitia dohani 48 zilizo juu ya paa.

Gharama ya ujenzi ilipungua kwa takriban dola milioni 3.5 kwa kutonunua mitambo ya viyoyozi. Jengo lilipolinganishwa na majengo sita ya kawaida jijini humo, lilitumia nishati pungufu kwa takriban asilimia 35.

Mwaka 2008, watafiti Scott Turner na Rupert Soar, waliochunguza vichuguu nchini Namibia, walieleza kwamba joto la kiota hupanda na kushuka pamoja na joto la udongo kufuata misimu. Kichuguu kwa sehemu kubwa husaidia kubadilishana gesi, kikitumia nguvu ya upepo. Nadharia iliyomvutia Pearce ikayumba, lakini jengo halikuathirika, kwani masharti ya Arup yalitokana na jua na hali ya hewa ya Harare.

Hata kabla ya hapo, Pearce alitegemea mbinu hizohizo za upozaji, si nadharia ya mchwa, aliposhiriki kubuni Council House 2 ya Melbourne, iliyofunguliwa mwaka 2006. Alibaki na zege na hewa ya usiku, akaongeza paneli za dari zinazopitisha maji baridi.

Kwetu Afrika Mashariki pia, mbinu ya Eastgate ingeweza kufaa Nairobi, iliyo juu kuliko Harare. Dar es Salaam na Mombasa ni habari nyingine: usiku wa Februari hewa bado ni ya joto na unyevu, na zege halina pa kupatia baridi. Huko hesabu zilezile zingemwelekeza msanifu kwanza kwenye kivuli na upepo wa bahari, na zingemkataza kuta za vioo zinazotazama jua la jioni.