Sarafu Ndogo za Shaba katika Dola la Roma

Historia ya fedha za Roma huandikwa mara nyingi kwa kutazama dhahabu. Lakini aliyenunua mkate na mafuta sokoni alishika sarafu ndogo za shaba, na humo ndimo yapatikanamo maisha ya walio wengi.

Mnamo mwaka 294 hivi, Kaisari Diocletianus alitengeneza upya fedha za dola lake. Sarafu mpya ya shaba, ambayo wataalamu huiita nummus, ilikuwa na uzito wa gramu 10 hivi, nayo ilichanganywa na madini ya fedha kidogo. Hata hivyo bei zilizidi kupanda. Mwaka 301 Kaisari alitoa amri ya kuziwekea kikomo, akaulaumu uchoyo wa wachuuzi na kutishia adhabu ya kifo. Katika amri hiyo, kibarua wa shamba alipangiwa dinari 25 kwa siku pamoja na chakula, ilhali kipimo kimoja cha ngano kilipangiwa dinari 100, yaani ujira wa siku nne. Lactantius, mwandishi wa wakati ule aliyemchukia Kaisari huyo, asimulia kwamba bidhaa zilitoweka sokoni kwa sababu ya hofu.

Baadaye Constantinus alianzisha sarafu ya dhahabu, solidus, iliyopigwa 72 katika ratili moja ya Kirumi. Uzito huo ulihifadhiwa kwa karne nyingi. Nummus, kinyume chake, ilizidi kukonda: kufikia mwaka 336 ilikuwa chini ya gramu 2, na katika karne ya 5 ilikaribia gramu 1 tu.

Tofauti hiyo haikutokea kwa bahati. Serikali ilipokea kodi nyingi kwa dhahabu, kwa hiyo ilikuwa na sababu ya kuilinda. Shaba haikuwa na mlinzi. Sheria ya mwaka 445 yaonyesha kwamba solidus moja ilinunuliwa kwa wavunja fedha kwa nummi 7,200, nayo ilikatazwa kuuzwa chini ya 7,000. Mwenye shaba tupu alihitaji mfuko mzima ili apate sarafu moja ya kulipia kodi.

Ndipo mwaka 498 Kaisari Anastasius alipotoa sarafu kubwa ya shaba yenye thamani ya nummi 40, iliyochorwa herufi M, ambayo kwa Kiyunani ni tarakimu ya 40. Kwa miaka 200 dhahabu ilikuwa imara, na soko la wanyonge likayumba. Anayepima uthabiti wa dola kwa dhahabu yake pekee hupima hazina ya matajiri.