Chuo Kikuu Kilichoanzia Mtaa wa Lumumba

Ukishuka Mnazi Mmoja ukitokea Mbagala au Mwenge, ukaingia Mtaa wa Lumumba, jengo la CCM huwezi kulikosa. Wengi hulipita wakiwahi Kariakoo, wakilijua kama ofisi ndogo ya chama, basi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzia humo.

Ilikuwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita kabla ya uhuru, na jengo lilikuwa la TANU. Kitivo kilikuwa kimoja, cha sheria. Wanafunzi hawakufika hata 15, na shahada zao zilikuwa za Chuo Kikuu cha London.

Kwa nini sheria? Makerere ilikuwa na udaktari, Nairobi ilikuwa na uhandisi, lakini Mtanganyika aliyetaka uwakili ilimbidi avuke bahari. Nchi iliyokuwa ikijiandaa kujitawala isingeweza kuendelea kuazima mawakili na mahakimu. Ndiyo maana chama kiliona afadhali wanafunzi wachache waanze kusoma chini ya paa lake kuliko kungoja majengo ya fahari. Uamuzi ule nauheshimu sana. Na mtaa wenyewe ulikuwa na historia: TANU ilizaliwa hapo tarehe 7 Julai 1954, ulipokuwa bado ukiitwa New Street.

Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani, kilomita 13 hivi kutoka katikati ya jiji, upande uliokuwa Kinondoni na leo ni Ubungo. Huko kilikua, kikawa chuo kikuu kamili Julai 1970. Walter Rodney alifundisha huko, na Ukumbi wa Nkrumah uliwahi kuchorwa hadi kwenye noti ya shilingi 500.

Lakini Oktoba 1966, miaka miwili tu baada ya kuhama, wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawafukuza zaidi ya 300. Sisemi umbali ndio ulioleta ugomvi ule. Nasema msomi anayepishana kila asubuhi na wachukuzi wa Kariakoo hasahau upesi nani anamlipia karo.

Wahadhiri wa Mlimani, wapelekeni wanafunzi wa mwaka wa kwanza Lumumba kabla hawajafungua kitabu. Nanyi wenye jengo, wafungulieni mlango.