Ugomvi ulianza na maziwa

Ukisikia mtu anajiita vegani, yaani hali nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali, pengine unamwaza kijana wa mjini mwenye hela za kuchezea. Hebu weka picha hiyo pembeni. Twende Uingereza, Novemba 1944. Vita bado inapiganwa, na nyama, siagi na jibini vinatolewa kwa mgao. Katika hali hiyo, mwalimu wa useremala aitwaye Donald Watson anakutana na wenzake wachache London, wanaanzisha chama cha watu watakaokula hata pungufu ya hapo!

Utauliza, kwani hawakuwa na chama cha wasiokula nyama? Walikuwa nacho, tangu 1847. Lakini wanachama wake wengi walikunywa maziwa na kula mayai bila wasiwasi. Watson na wenzake wakawabana kwa hoja ambayo mfugaji yeyote anaielewa: ng'ombe hatoi maziwa mpaka azae. Ndama dume hana kazi kwenye zizi la maziwa, basi huishia machinjioni, na mama naye akishapungua maziwa anamfuata. Sasa anayeacha nyama kwa huruma lakini anakunywa maziwa, ameepuka nini hasa? Waliomba nafasi katika jarida la chama waandike mambo hayo, wakakataliwa. Wakaanzisha jarida lao. Jina walilipata kwa kuchukua neno la Kiingereza vegetarian, wakabakiza herufi tatu za mwanzo na mbili za mwisho: vegan.

Wazo lenyewe halikuwa jipya. Mshairi kipofu wa Syria, al-Ma'arri, alikataa nyama, maziwa, mayai na asali katika karne ya 11, kwa sababu hizohizo za kuwahurumia wanyama. Hoja ya mazingira, yaani gesi ya methani inayotoka tumboni mwa ng'ombe na misitu inayokatwa kupata malisho, ilikuja kupata nguvu baadaye sana.

Ila kuna jambo ambalo mimi naona ndilo zito zaidi. Mwaka 1944 hakuna mwanasayansi aliyeweza kuwaambia watu hawa kama mwili wa binadamu utamudu. Vitamini B12 ilikuja kutengwa 1948, miaka minne baadaye. Na hii B12 ina ujanja wake: ini huweka akiba ya miaka kadhaa. Unaacha vyakula vya wanyama, mwaka wa kwanza safi, wa pili safi, halafu taratibu damu inapungua, miguu inakufa ganzi, mishipa ya fahamu inaharibika. Na kweli, katika miaka ya 1950 watafiti waliwakuta baadhi ya vegani wa Uingereza na upungufu huo. Watson mwenyewe aliishi hadi 2005, akafa na miaka 95.

Kumbe B12 haitengenezwi na mnyama wala mmea. Ni kazi ya bakteria. Ng'ombe huipata kwa wale wanaoishi tumboni mwake, na viwanda hukuza bakteria kwenye matangi ili kutengeneza vidonge. Kwa hiyo uvegani wa leo unasimama juu ya kiwanda, hata kama matangazo yake yanapenda kuonyesha bustani. Mama mjamzito au anayenyonyesha asipopata kidonge hicho au chakula kilichoongezewa B12, anayeumia zaidi ni mtoto.

Na ule ugomvi wa maziwa? Bado upo. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kinywaji cha soya kisiuzwe kwa jina la maziwa. Cha nazi, kwa Kiingereza, kiliruhusiwa, maana kimo kwenye orodha ya majina yaliyozoeleka. Sisi wa pwani tungewasaidia: hicho ni tui.